Shela la Buluu na Maji ya Beseni

Nyinyi mnaopanda ngazi yangu siku hizi mna mashine ya kutoboa ukuta, na mna kile kitaa chekundu kinachowachorea mstari ulionyooka. Mimi nilikuwa na nyundo, uzi uliofungwa jiwe, na jicho. Jicho lenyewe halikuwa zuri. Salma, mkuu wetu pale nyumba ya maonyesho, ameniomba niwaandikie mambo ya kazi ya kutundika picha kabla sijayasahau. Nikamwambia sijasahau kitu, ila nyinyi ndio hamuulizi. Basi kaeni, na chai jitilieni wenyewe, maana mimi nimeshastaafu.

Niliingia katika nyumba ile kama mfagiaji. Wengi wenu hamlijui hilo, mnadhani Bi Mize alizaliwa na misumari mdomoni. Ni nyumba ya mawe ya ghorofa tatu, ndani kabisa ya vichochoro vya Mji Mkongwe, ambayo watu wa mtaa waliisafisha wenyewe ili watoto wa skuli, wachongaji na wafumaji wapate pahala pa kuonyesha kazi zao. Siku moja mtundikaji picha hakutokea, na mgeni rasmi keshavuka Darajani. Nikaambiwa, "Bi Mize, shika nyundo." Nikaishika mpaka nilipopewa saa ya ukutani na keki ya kuniaga.

Picha zangu za mwanzo zote nilizitundika chini. Mimi mfupi, mnanijua, na nilizipima kwa macho yangu. Wageni warefu walizitazama wamerukuu. Hakuna aliyenikosoa kwa wiki nzima kwa sababu kila mtu alidhani ndiyo mtindo mpya.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa msanii. Alikuwa Mzee Makame, fundi wa chokaa kutoka Makunduchi, aliyekuja kuziba nyufa zetu kila baada ya masika. Aliniona nikipigilia msumari, ukuta ukimwagika unga, msumari ukianguka, nami nikihamia pembeni kuanza upya. Akaninyang'anya nyundo. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hapa, na hapa, na pale, sikio karibu kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Palipokuwa na jiwe palijibu kwa ukali. Palipokuwa na chokaa tupu palijibu kwa uvivu.

"Ukuta nao hupigiwa hodi," akaniambia. "Wewe waingia tu ka nyumba ya mamako."

Basi tangu siku hiyo nikawa nagonga kwanza. Mzee Makame ndiye pia aliyenionyesha kuweka vipande vya makumbi ya nazi nyuma ya pembe za fremu, picha isiulalie ukuta. Kuta zetu hutoa jasho la chumvi, na picha iliyolalia ukuta mwezi wa nne huitambui mwezi wa sita. Nimeona mmeacha kuweka makumbi. Mnaweka vidude vya plastiki. Sawa, lakini angalieni nyuma yake, msitazame mbele tu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo Salma alitaka niliandike, na ambalo mimi nilitaka kulikwepa. Maonyesho ya Afrika Magharibi.

Yalianza kwa mazungumzo tu. Mwalimu mmoja wa Kighana anayesomesha hesabu katika skuli ya Amani alimwambia Salma kwamba Unguja ina watu wengi wa huko kwao kuliko tunavyodhani: mshonaji wa Kisenegali, wachezaji mpira, wake za watu, na kila mmoja ana kitu chake cha kwao amekificha sandukuni. Salma akapita nyumba kwa nyumba. Vikaja vitu mpaka ghala likajaa. Picha zilizochorwa nyuma ya vioo. Vibuyu vilivyonakshiwa kwa kisu cha moto. Nguo za Mali zilizopakwa udongo. Vinyago vya mbao, ambavyo vilinitia matatani na muuza kahawa wetu. Kimoja nilikitundika kinatazama mlango, na muuza kahawa akakataa katakata kuingia. Akaweka vikombe kizingitini akasema tukitaka kahawa tutoke. Nikakigeuza kinyago kitazame dirisha, akaingia, na tukaishi kwa amani.

Mwalimu naye alileta kente yake, ile nguo ya kwao ya kufumwa. Nikaigeuza mbele na nyuma, juu na chini.

"Unatafuta nini, Bi Mize?"

"Jina," nikamwambia. "Nguo hii haina jina? Haikuandikwa kitu?"

Akacheka, akanieleza kwamba michoro yenyewe ndiyo maneno, kila mfumo una jina lake na msemo wake, hata kama herufi hamna. Nikaipenda hiyo. Kwa hiyo msidhani sikuambiwa kwamba nguo za huko zinasema. Niliambiwa mapema kabisa.

Aliyeleta shela alikuwa Bi Hadiza. Mtu wa Kano, ameolewa Bububu miaka mingi hata wajukuu zake hawajui Kihausa zaidi ya salamu. Mama mwenye miaka sabini na ushei, mwembamba, mpole, asiyesema neno mara mbili. Alilileta mwenyewe limekunjwa ndani ya karatasi. Nilipolifungua, nilidhani ni bati. Lilikuwa la buluu iliyokaribia weusi, na liling'aa kama sufuria mpya.

"La mama yangu," akasema. "Alifunikwa nalo akiolewa, nami nikafunikwa. Mkishamaliza maonyesho nnalitaka, mjukuu wangu Nasra anaolewa, naye atalivaa." Kisha akaongeza, "Linatoa rangi. Mjihadhari nalo."

Nikasema tutajihadhari.

Nikalitundika kwenye ukuta wa ghorofa ya kati, ukuta niliokuwa nimetoka kuupaka chokaa. Kesho yake ukuta una mabaka ya buluu. Nikapaka tena. Likatoa tena. Vidole vyangu buluu, kanga yangu buluu, hata mlango wa choo ulikuwa na alama za mkono wangu. Nikaanza kumfikiria yule bibi harusi. Nikamwona amekaa mbele ya watu, uso umejaa madoa, nguo nyeupe imeharibika, wanawake wa Bububu wanagusana viwiko. Nikamhurumia kwa kweli.

Na mimi nguo nazijua. Nyinyi mnaonunua kanga na kuzivaa siku hiyo hiyo hamjui, lakini sisi tulilelewa kwamba kanga mpya hukatwa, hupindwa, hufuliwa kwanza itoke dawa ya dukani, ndipo ikavaliwa. Kanga isiyofuliwa ni ngumu, inang'aa, na inamwaga rangi. Shela lile lilikuwa gumu, linang'aa, na linamwaga rangi. Nikasema, maskini, limekaa sandukuni miaka yote hii, hakuna aliyelifua hata siku moja.

Zilibaki siku mbili kufungua maonyesho. Namba ya simu ya Bi Hadiza nilikuwa nayo. Simu yenyewe ilikuwa mfukoni. Kuuliza si ujinga, nimewaambia hivyo wengi, lakini siku ile sikuona kama kuna la kuuliza. Nikachukua beseni, nikatia maji baridi na sabuni kidogo, nikalifua kwa mikono yangu taratibu kama nguo ya mtoto mchanga. Maji yakawa meusi. Sikushtuka, maana nili, ile rangi ya buluu, kwetu ni kitu cha kawaida, mama zetu wakiitia kwenye maji ya kusuzia kanzu zipate weupe. Nikalisuza kwenye beseni la pili, maji yake nikayarudisha kwenye la kwanza. Nikalianika kivulini uani. Nilijisikia nimefanya jambo la maana, na kusema kweli nilikuwa naimba.

Kesho yake lilipokauka nikalishika. Lilikuwa laini. Halikung'aa tena hata kidogo. Limekuwa kaniki, ile nguo ya bibi zetu ya kwendea shamba.

Mimi vibao vya maelezo hubandika mwisho. Picha kwanza, taa pili, maneno mwisho, ndivyo nilivyozoea. Kibao cha shela kilikuwa mezani kwa Salma tangu asubuhi. Nikakichukua, nikakisoma nimesimama, polepole, kidole kikifuata maneno. Kiliandikwa kwamba shela hili limetiwa nili tena na tena, kisha likapigwa kwa nyundo za mbao mpaka unga wa nili ukashikana na nguo na kung'aa. Kwamba halifuliwi. Kwamba bibi harusi hufunikwa nalo makusudi ili buluu yake imbaki mashavuni, na katika familia hii, mama, binti na mjukuu hurithishana buluu ile ile.

Nikakaa juu ya ngazi. Nililia, sitawaficha. Kila ukuta wa nyumba ile nimeupigia hodi, na nguo ya watu sikuipigia.

Salma alipokuja nikamwonyesha. Akalishika pindo, akaliachia. Salma ni mwanangu kwa umri na bosi wangu kwa kazi, na siku ile alikuwa na hofu kuliko mimi, kwa sababu watu wote wale walimpa vitu vyao kwa kumwamini yeye.

"Bi Mize," akasema, "tulitundike juu. Juu kabisa karibu na boriti. Ile taa tuizime. Maonyesho yapite kwanza, halafu ntamwendea mimi kwa utaratibu."

Na nilipanda. Msije mkasema bibi yule alikuwa walii. Nilipanda ngazi na shela begani, nikagonga ukuta, nikapata jiwe zuri. Nikainua nyundo, na hapo nikaviona viganja vyangu. Vilikuwa buluu mpaka kwenye mistari. Ile rangi niliyokuwa naisoma kwenye kibao, ya mashavu ya Nasra, ilikuwa mikononi mwangu, na haikuwa yangu.

Nikashuka. Nikamwambia Salma, "Mficha uchi hazai. Nnakwenda Bububu."

"Sasa hivi?"

"Kesho asubuhi, maana leo nikenda ntalia tu, hatoelewa hata nnachosema."

Kesho yake nilimkuta Bi Hadiza barazani kwake anachagua mchele kwenye ungo. Nikaamkia, "Shikamoo, Bi Hadiza." Akaitikia marahaba, akanikaribisha, akasogeza ungo nikae. Sikukaa. Nikamwambia nimesimama, yote, kuanzia mabaka ya ukutani mpaka ngazi niliyopanda usiku wa kuamkia siku ya kufungua. Hata la kutaka kulificha nikamwambia. Nilikuwa nimebeba shela ndani ya karatasi yake ile ile. Akalifungua, akalisugua kwenye mkono wake wa kushoto, hapa ndani ambapo ngozi ni nyeupe. Akautazama mkono. Haukuwa na kitu.

Aliokota punje ya mpunga kwenye mchele, akaitupa, akaokota nyingine.

"Umelifua kwa maji moto?"

"Baridi."

"Sabuni?"

"Kidogo."

"Maji umemwaga wapi?"

Sasa sikilizeni. Nyumba ya maonyesho maji hutoka kwa zamu, na mimi tangu enzi za ufagio sina tabia ya kumwaga maji ya kufulia. Huyaweka ya kudekia ua. Wasichana waliokuwa wakinisaidia walinicheka sana kwa ubahili huo.

"Sijamwaga," nikasema. "Yapo kwenye beseni. Nimeyaweka ya kudekia."

Bi Hadiza akaweka ungo chini, akainuka, akachukua mtandio wake na lile shela. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba jioni ile tunafungua maonyesho, na ua lazima udekiwe. Nikampigia Salma, haipokelewi. Nikapiga tena. Msemo ule wa maji yakimwagika hayazoleki, nimeusema maisha yangu yote, lakini siku ile njia nzima kutoka Bububu nilikuwa nauona kwa macho.

Tulipoingia, Salma alikuwa uani ameinama, tambara mkono mmoja, kopo mkono mwengine. Nusu ya ua ilikuwa imelowa, buluu.

"Acha!" nikapiga kelele, na mimi si mtu wa kelele.

Akaacha. Bi Hadiza akampita bila kumtazama, akachuchumaa mbele ya beseni. Namshukuru Mungu Salma ni mtoto aliyelelewa vizuri, hakuinamisha beseni, alikuwa akiteka kwa kopo juu juu. Maji ya juu yalikuwa yamepungua na kuwa mepesi. Chini kabisa, ukiangalia, palikuwa na tope zito jeusi limetulia.

"Msiliguse," Bi Hadiza akasema. "Hata kivuli chenu."

Akaomba kigoda. Akakaa hapo mpaka adhana ya adhuhuri, akiteka maji ya juu kwa kikombe cha kahawa, kimoja kimoja, mpaka likabaki tope tupu. Akasali, akarudi. Tukalimimina kwenye sinia, tukaliweka juani, tukafunika kwa kipande cha chandarua upepo usije ukalichukua. Muuza kahawa alikuja akatazama, akauliza tunapika nini, na hakuna aliyemjibu. Baada ya alasiri lilikuwa limekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Bi Hadiza akalikwangua kwa kisu. Uliopatikana ni unga wa buluu usiojaza hata kichupa cha uturi. Akautia ndani ya kichupa chake cha uturi, akakifunga, akakitia kifuani.

Kisha akamwambia Salma, "Shela litundikeni pale pale lilipokuwa. Na kwenye kibao andika kwamba limefuliwa hapa, kwa makosa. Andika."

Salma akaandika. Taa tukawasha.

Jioni ile nilisimama kando ya shela kwa hiari yangu. Watu wakisoma kibao, wananitazama, wanaitazama mikono yangu, wanaelewa. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mmoja baada ya mwengine, wanawake wa mjini wananiinamia sikioni na kunong'ona, "Shoga, hata mimi ningelifua." Mwalimu wa Kighana alisimama hapo muda mrefu akasema kibao kile ndicho alichokisoma mara mbili. Bi Hadiza alinipa salamu tu akapita. Siku zote za maonyesho alinipa salamu tu, naye nilimwona anayo haki.

Mikono yangu ilichukua karibu wiki mbili kurudi. Nilikuwa nikiitazama inavyopauka, siku hadi siku, na sikufurahi.

Yanayofuata ni ya baada ya hapo. Nilipata mwaliko wa harusi ya Nasra, kwa mdomo, kupitia mtu. Nikadhani ni heshima tu. Nilikwenda asubuhi, nikakaa nyuma karibu na mlango na wapishi, tayari kuondoka mapema. Akaja binti akasema naitwa ndani.

Chumbani walikuwa wanawake watano sita, moshi wa udi, na Nasra katikati amefunikwa shela la mama wa bibi yake, lile lile, laini, lisilong'aa. Bi Hadiza alikuwa na kisahani mkononi. Unga ule wa buluu ameutia tone la mafuta, umekuwa wanja mzito.

"Njoo mpake," akaniambia.

"Mimi?"

"Mkono ulioitoa buluu ndio utakaoirudisha."

Nikanawa mikono kwanza. Nikachovya kidole gumba. Nikamuuliza Nasra, "Niruhusu mwanangu?" Akaitikia kwa kichwa. Nikampaka shavu la kulia, kisha la kushoto, kisha nikabaki na kidole hewani sijui nikifanye nini, Bi Hadiza akakishika akakipitisha kwenye shavu lake mwenyewe.

Nasra akaletewa kioo. Akajigeuza huku na huku, mashavu buluu. Akauliza kama inatoka ikioshwa.

Bi Hadiza akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku alipoleta shela.

"Muulize Bi Mize," akasema, "yeye ndiye anayejua."